Tafrija ya harusi (Tanzania)

Tafrija ya harusi ni karamu yenye chakula, muziki, nasaha na zawadi ambayo nchini Tanzania hufanyika baada ya ndoa kufungwa, mara nyingi jioni ya siku hiyohiyo. Mjini hufanyika zaidi ukumbini. Vijijini na katika mitaa mingi ya mijini hufanyika uani au chini ya turubai. Tafrija si sehemu ya ndoa yenyewe. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa hufungwa kwa ridhaa ya wawili hao mbele ya mfungishaji na mashahidi wasiopungua wawili, hata kama siku hiyo hakuna aliyekula punje ya wali.

Tofauti kubwa kati ya tafrija ya Tanzania na karamu za harusi za nchi nyingine nyingi ni kwamba gharama zake hazibebwi na familia mbili peke yao. Wageni wengi huchangia fedha wiki au miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, kupitia kamati. Kwa hiyo mgeni anayeketi mezani si mwalikwa tu, bali ni mmoja wa waliolipia meza hiyo. Mipango inayoelezwa hapa chini hutegemea jambo hilo, na sehemu kubwa ya manung'uniko yanayosikika baada ya harusi hutokana na kulisahau.

Jina na nafasi yake

Neno harusi, ambalo huandikwa pia arusi, lina asili ya Kiarabu, na vivyo hivyo neno tafrija. Katika mazungumzo watu huchanganya harusi na ndoa, lakini Kiswahili kinavitenganisha vizuri: ndoa ni kifungo, harusi ni shangwe zake. Mtu anaweza kusema ndoa ilifungwa Jumatano kwa Mkuu wa Wilaya na harusi ikafanywa Jumamosi, na sentensi hiyo haina kosa.

Tafrija huja mwishoni mwa mlolongo mrefu. Kwanza mshenga hupeleka posa, kisha mahari hupangwa na kutolewa. Baadaye wanawake humfanyia bibi harusi kicheni pati, ambako hupewa vyombo vya jikoni na mawaidha ya maisha ya ndoa. Mjini shughuli hii imechukua sehemu ya kazi iliyokuwa ya somo au kungwi. Hufuata sendofu, ambayo upande wa bibi harusi huandaa ili kumuaga. Ndoa hufungwa, halafu upande wa bwana harusi hufanya tafrija. Matokeo yake ni kwamba rafiki wa pande zote mbili anaweza kuombwa mchango mara tatu ndani ya miezi miwili kwa ajili ya watu walewale. Kamati za pande mbili zikikutana mapema na kupanga nani amuombe nani, hupunguza uchovu huo; nyingi hazifanyi hivyo.

Tarehe nayo ina mipaka yake. Wakristo wengi hawafungi ndoa katika Kwaresima, na Waislamu kwa kawaida hawafanyi harusi katika mwezi wa Ramadhani. Hivyo harusi husongamana katika wiki zinazotangulia vipindi hivyo, baada ya Pasaka na mwezi wa Desemba, na kumbi za mijini hukodishwa miezi mingi kabla. Sheria inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa kwa Jumapili tatu. Ni busara kuthibitisha siku ya ndoa kabla ya kulipia ukumbi, ingawa wengi huanza na ukumbi.

Kamati na michango

Kamati ya harusi huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pamoja na kamati ndogo za chakula, vinywaji, ukumbi na mapambo, usafiri na burudani. Wajumbe ni ndugu, marafiki, wafanyakazi wenza, majirani na waumini wa jumuiya moja. Mwenyekiti mara nyingi ni mtu mzima anayeheshimika, lakini kazi hasa hufanywa na katibu na mweka hazina, ambao ndio hupiga simu za kukumbusha ahadi.

Kikao cha kwanza hupitisha bajeti. Wajumbe hutangaza ahadi zao papo hapo ili kuwapa wengine mfano, kisha kadi za mchango husambazwa. Zamani kadi hizo zilipelekwa kwa mkono na fedha zikarudi ndani ya bahasha. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoenea, kuanzia M-Pesa iliyoingia Tanzania mwaka 2008, mchango hutumwa kwa namba ya mweka hazina, na orodha ya waliotoa huwekwa kwenye kundi la WhatsApp kila jioni. Orodha hiyo ina faida ya uwazi. Ina pia ukali wake, kwa kuwa jina lisilo na tiki mbele yake husomwa na watu wote.

Ahadi si fedha. Chukua mfano wa kamati iliyoandika ahadi za shilingi 18,000,000 na ikaagiza vitu vya shilingi 18,000,000. Wiki ya mwisho zimeingia shilingi 12,000,000. Milioni sita zinazobaki hazitafutwi tena kwa waliopewa kadi. Hutafutwa kwa bwana harusi, kwa baba yake, au kwa mkopo ambao wanandoa wataanza nao maisha. Kamati makini hupanga matumizi kwa viwango viwili. Kwanza huweka yale ambayo lazima yawepo, yaani chakula, maji, viti, kipaza sauti na usafiri wa wazee, na kuyalipia kwa fedha iliyokwisha kuingia. Mapambo ya gharama, gari la kifahari, fataki na keki ya ghorofa nyingi hungoja. Wageni hawakumbuki rangi ya vitambaa vya viti, lakini wanakumbuka kama walikula.

Nyuma ya michango kuna daftari. Familia nyingi huweka kumbukumbu ya nani alitoa nini, si kwa ubahili bali kwa sababu mchango ni deni la heshima: aliyekuchangia atakapooza au kuolewa, au mtoto wake atakapofika umri huo, zamu ni yako. Kwa mtazamo huu michango ya harusi inafanana na mchezo wa upatu, isipokuwa kwamba mzunguko wake unaweza kuchukua miaka 20.

Hapo ndipo penye jambo gumu kuliko yote katika upangaji. Kamati nyingi huweka kiwango cha chini cha mchango na kutangaza kwamba asiye na kadi haingii. Sheria hiyo ina sababu, kwa kuwa sahani zimehesabiwa na wapo wanaovamia harusi za watu. Lakini ikitekelezwa bila macho, inamzuia mlangoni shangazi aliyesafiri kwa basi kutoka kijijini na kuku kwenye kikapu, au jirani mzee aliyemlea bwana harusi na hana shilingi 50,000. Walinzi wa kukodi hawamjui, na kijana mwenye orodha hamjui pia. Fedheha hiyo hukaa katika ukoo kuliko picha zote. Dawa yake ni rahisi ikifanywa mapema: kamati hutenga kadi kadhaa, kwa mfano 20, ambazo hazidaiwi mchango wowote, na familia huziandikia majina kabla ya kadi nyingine hazijagawanywa. Aidha, mlangoni huwekwa ndugu mmoja wa kila upande anayewafahamu wazee kwa sura.

Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wa kidini, kwa sababu mafundisho kuhusu walima, yaani karamu ya ndoa, yanalaumu karamu inayowaalika matajiri na kuwaacha maskini.

Kadi, idadi na ukumbi

Kadi za mwaliko hutolewa baada ya mchango na huwa za mtu mmoja au za watu wawili. Kosa la hesabu linalojirudia ni kuhesabu kadi badala ya watu. Kadi 120 za watu wawili na 60 za mtu mmoja ni kadi 180, lakini ni watu 300. Ongeza watoa huduma, yaani wapigapicha, wapiga matarumbeta, dijei, madereva na wahudumu, ambao nao hula. Wakifika 25, chakula ni cha watu 325. Watoto ni swali la peke yake. Kama hawaalikwi, iandikwe wazi kwenye kadi kwa maneno ya upole, kwa kuwa mama aliyefika na mtoto mgongoni hawezi kumrudisha nyumbani saa 1 usiku.

Siku hizi kadi nyingi hutumwa kwa simu zikiwa na alama inayosomwa mlangoni. Njia hii inazuia kadi moja kutumiwa mara mbili, ila inawasumbua wazee wenye simu ndogo. Kadi ya karatasi kwa ajili yao haigharimu kitu kikubwa.

Meza za duara za watu kumi ndizo za kawaida, hivyo wageni 300 wanahitaji meza 30, na ukumbi lazima uache njia za kupita na nafasi ya kuchezea. Ukumbi unaotangazwa kuwa unachukua watu 400 mara nyingi umehesabiwa kwa viti vya mistari, bila meza, jukwaa wala uwanja wa kucheza. Anayekodi aulize hesabu hiyo ilifanywaje. Aulize pia kuhusu jenereta, vyoo, maegesho na saa ya kufunga. Dar es Salaam ina kumbi za kila kiwango, kutoka kumbi za parokia na za mitaa hadi kubwa kama Diamond Jubilee ya Upanga. Ukumbi mkubwa mno si fahari, kwa maana wageni 150 katika ukumbi wa 800 huonekana kama harusi imesusiwa.

Kuwaketisha watu ni kazi ya mtu anayezijua familia. Wageni hufurahi wakiwa na watu wanaoweza kuzungumza nao: wafanyakazi wenza pamoja, wana jumuiya pamoja, ndugu waliotoka mkoani karibu na wenyeji wanaowafahamu. Wazee wakae karibu na meza kuu ili waone, lakini mbali na spika. Mara nyingi kinyume chake hufanyika, kwa sababu spika nazo huwekwa mbele.

Saa

Kadi ikisema saa 12 jioni, wageni wenye uzoefu hufika saa 1 na nusu na maharusi huingia saa 3 usiku. Kila upande unamlaumu mwingine. Wageni huchelewa kwa kuwa wanajua maharusi watachelewa, na maharusi huchelewa kwa kuwa wanajua wageni bado. Anayeumia ni yule aliyeiamini kadi.

Kuchelewa huko kwa kawaida huanza mchana. Ibada ya saa 8 huisha saa 10, msafara huzunguka mji, picha hupigwa bustanini au ufukweni hadi jua lizame, kisha bibi harusi hubadili gauni na kupambwa upya. Kila hatua ni halali, lakini hakuna aliyezijumlisha. Njia ya uhakika ni kupanga ratiba kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kufunga ukumbi. Ukumbi ukifungwa saa 6 usiku, weka dakika 30 za muziki wa mwisho, 40 za zawadi, 45 za chakula, 20 za keki na shampeni, 40 za utambulisho na nasaha, na 20 za kuingia wazazi, kamati na maharusi. Jumla ni dakika 195, yaani saa tatu na robo. Maana yake ni kwamba wa kwanza kuingia lazima awe mlangoni saa 2 na dakika 45. Wakianza saa 3 na nusu, dakika 45 zimekwisha kuliwa, na kinachokatwa siku zote ni muziki, ambao ndio vijana waliuchangia.

Saa ya kwanza ya kungoja inaweza kuwa nzuri kama mgeni amepewa kitu. Maji, karanga au sambusa mbili, muziki wa sauti ya kuzungumzia, na mtu wa kumkaribisha kwa jina vinatosha. Kamati nyingine hufungua chakula kabla ya nasaha. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa si adabu, lakini mtu aliyeshiba husikiliza vizuri zaidi.

Chakula na vinywaji

Chakula cha kawaida cha tafrija ni pilau, wali mweupe, ndizi, kuku, nyama ya ng'ombe, samaki, mboga za majani, kachumbari na matunda. Wapishi wa kukodi hutaja bei kwa sahani. Familia inayopika yenyewe inahitaji hesabu: kwa makadirio ya gramu 150 za mchele kwa mtu, watu 325 wanahitaji karibu kilo 49. Nyama yenye mifupa ikikadiriwa gramu 200 kwa mtu, zinahitajika kilo 65. Soda ziko 24 katika kreti moja. Watu 300 wakinywa mbili mbili ni kreti 25, na maji ya kunywa huhesabiwa kando, kwa sababu joto la ukumbi na kucheza huyamaliza upesi.

Hata chakula kikitosha, foleni inaweza kuharibu usiku. Mtu mmoja akichukua sekunde 20 mbele ya meza ya chakula, watu 300 katika foleni moja wanatumia sekunde 6,000, yaani saa 1 na dakika 40. Wa mwisho anakula wakati wa kwanza amekwisha sahau ladha. Zikiwekwa meza mbili ambazo watu hupita pande zote, foleni ni nne na muda unashuka hadi dakika 25. Gharama ya ziada ni vyombo na wahudumu wachache. Meza huitwa kwa zamu, na ni haki zamu ianzie nyuma ya ukumbi walau mara moja, maana meza za nyuma ndizo hukuta mchuzi bila kuku. Nyama na kuku vigawiwe na mhudumu. Wali kila mtu ajipakulie. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wapelekewe sahani mezani.

Usalama wa chakula hautajwi sana vikaoni, ingawa unastahili. Kuku aliyeiva saa 7 mchana na kuliwa saa 4 usiku amekaa saa tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachongoja kuliwa kidumishwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa hiyo mpishi aambiwe saa halisi ya kula, si ile iliyoandikwa kwenye kadi.

Suala la pombe huamuliwa katika kikao cha kwanza. Katika harusi za Waislamu na za makanisa mengi ya Kilokole haipo. Familia zenye imani mbili huweza kukubaliana kutokuwa nayo kabisa ukumbini, jambo ambalo huepusha ugomvi na kupunguza bajeti kwa pamoja.

Mshereheshaji, muziki na nasaha

Mshereheshaji, ambaye mitaani huitwa emsii, ndiye anayeshika usiku mzima mkononi. Mshereheshaji mzuri anajua majina na vyeo vya wazazi, anajua nani ni baba mkubwa na nani ni mjomba, na anajua ni mzazi yupi amefariki ili asimwite jukwaani. Mambo haya yaandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa siku moja kabla. Mizaha juu ya unene wa mtu, kabila la wakwe au mambo ya chumbani huchekwa na meza tatu na kuziumiza meza ishirini. Kamati ina haki ya kumweleza mapema mipaka yake.

Utambulisho unaweza kumeza tafrija kama kila ukoo utasimama mmoja mmoja. Kutambulisha kwa makundi, na wazazi na wasimamizi peke yao kwa majina, hutosha. Nasaha vilevile: msemaji mmoja wa kila upande, dakika tano kila mmoja. Mzee anayejua atasema pamoja na mzee mwenzake hujigawia maneno.

Muziki una desturi zake. Msafara kutoka kanisani husindikizwa na matarumbeta, bendi za ngoma na pembe zinazopiga zikiwa juu ya gari la wazi. Ukoo wake unaweza kufuatwa hadi kwenye ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, na ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1975. Ukumbini kamati na wapambe huingia kwa kucheza, na kwaito ya Afrika Kusini imepata makao ya kudumu kwenye harusi za Tanzania, ikichezwa kwa mistari na watu wa umri wote. Bongo Fleva, dansi la zamani, nyimbo za injili na ngoma za makabila ya wanandoa hufuata. Dijei aliyeombwa kupiga angalau nyimbo chache za enzi za wazazi huwainua hata waliodhani wamekuja kutazama tu. Sauti kubwa mno huwanyamazisha watu ambao hawajaonana miaka mingi, nao wengi wao wamekuja kwa ajili ya kuonana.

Zawadi

Zawadi hutolewa kwa foleni ya kucheza: kundi kwa kundi hupita mbele ya maharusi na kupeana mikono. Kwa wageni wengi hii ndiyo dakika pekee wanayofika karibu na maharusi, kwa hiyo haifai kufutwa ili kuokoa muda. Kinachookoa muda ni makundi kununua zawadi moja ya pamoja, na maharusi kusimama badala ya kukaa. Kutangaza kipaza sautini kiasi cha fedha alichotoa kila mtu huwaaibisha wenye kidogo, na kamati nyingi zimeacha. Mtu wa kuaminika hupewa kazi ya kuandika na kuhifadhi bahasha, na usafiri wake wa kurudi hupangwa kabla.

Pwani, Zanzibar na mikoani

Katika desturi ya Waswahili wa pwani na visiwani, ndoa hufungwa msikitini au nyumbani kwa bibi harusi, na sherehe za wanaume na wanawake mara nyingi hutengana. Wanaume hula walima kwa kukaa chini kulizunguka sinia la pilau au biriani, watu wanne au watano kwa sinia moja. Karamu ya watu 200 kwa mtindo huu humalizika kwa muda mfupi, kwa kuwa hakuna foleni. Wanawake hukutana kwenye shughuli yao, wamevaa sare, na bibi harusi aliyepambwa huketishwa mahali pa juu ili aonekane. Mwaliko wa zamani ulikuwa wa mdomo, ukipelekwa nyumba kwa nyumba na mwalikaji, na bado wapo wanaoona kuwa ujumbe wa simu haujamwalika mtu. Vikundi vya taarab hualikwa kupiga kwenye harusi, vikiwemo vya kale vya Unguja kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Wasikilizaji huinuka kumtunza mwimbaji fedha pale mstari unapowagusa, au pale wanapotaka umguse aliyeketi meza ya pili.

Miongoni mwa Wachaga wa Kilimanjaro, ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa na kuletwa ukumbini akiwa na majani mdomoni, hupewa heshima kama ya keki, na wakati mwingine heshima zaidi. Hukatwa na maharusi, kisha wakwe hupelekewa sehemu yao. Ndafu imeenea hata kwenye harusi za watu wasio Wachaga jijini Dar es Salaam.

Vijijini karamu bado ni kazi ya majirani. Wanawake hukusanyika usiku wa kuamkia siku yenyewe kukata vitunguu na kuchambua mchele, wanaume huchinja na kupasua kuni, na sufuria hukopwa kutoka nyumba kadhaa. Mgeni asiyealikwa ni jambo ambalo karibu halipo, maana kijiji chote kimealikwa. Ndiyo maana chakula hupikwa kwa ziada, na hesabu ya sahani iliyoelezwa hapo juu haina kazi kubwa huko.

Kurudi nyumbani

Tafrija ya mjini huisha wakati daladala zimepungua au zimekwisha. Kamati hukodi mabasi madogo ya kuwapeleka wageni kutoka kanisani hadi ukumbini, kisha husahau safari ya pili. Basi moja linaloondoka saa 5 usiku kwa ajili ya wazee na wenye watoto, na jingine mwishoni, huwawezesha watu kukaa bila kutazama saa. Ndugu waliotoka mikoani wajue kabla ya kuingia ukumbini watalala kwa nani.

Mjadala

Lawama inayosikika zaidi juu ya tafrija za Tanzania ni kwamba watu huchangia harusi kwa haraka kuliko ada ya shule au matibabu. Mwanafunzi anayekosa fedha ya kuendelea na masomo hana kamati, wala mweka hazina wa kumpigia simu kila jioni. Wengine hujibu kwamba mchango wa harusi hurudi kwa zamu na hujenga mtandao uleule unaokuja kusaidia msibani na hospitalini, na kwamba anayekataa kuchangia harusi hujikuta peke yake siku ya shida. Hoja zote mbili zina ukweli. Lisilo na utetezi ni kiwango cha mchango kinachopandishwa ili kulipia maonyesho, hadi mwalimu au muuguzi mwenye mialiko mitatu kwa mwezi anaanza kukwepa simu za marafiki zake. Baadhi ya wanandoa sasa huchagua chakula cha mchana kwa watu 80 au 100 baada ya ibada, bila kadi za mchango. Tafrija za mchana, ambazo ni za kawaida zaidi katika nchi jirani ya Kenya, hupunguza gharama za taa na mapambo na kuondoa tatizo la usafiri wa usiku.

Kuvunja kamati

Shughuli ya kamati haiishi usiku wa harusi. Baada ya wiki moja au mbili wajumbe hukutana kuvunja kamati. Mweka hazina husoma mapato na matumizi, madeni ya mpishi na ukumbi hulipwa, vyombo vilivyopotea hufidiwa, na salio, kama lipo, hukabidhiwa kwa maharusi. Wageni waliochangia hutumiwa ujumbe wa shukrani, na siku hizi picha chache pamoja nao. Kikao hicho huambatana na chakula na vinywaji ambavyo wajumbe hujilipia wenyewe, na maharusi, ambao safari hii ni wageni, huja kusalimia kila mmoja.